Vuli, mafuriko na tarehe ya kura: niliyopitia Pangani na Handeni

Uchaguzi mkuu wetu Tanzania huangukia mwishoni mwa Oktoba. Kwa mtu wa Dodoma huo ni wakati wa vumbi na jua kali. Kwetu ukanda wa Tanga ndipo vuli inapoingia, na mwaka vuli ikija na nguvu, barabara ya udongo haingoji ratiba ya mtu. Ndiyo maana swali la kama maafa ya asili yanaweza kuwa sababu halali ya kuahirisha uchaguzi wa nchi nzima kwangu halijawahi kuwa la darasani. Nimeulizwa na watu waliosimama kwenye matope, tena wenye kila haki ya kuuliza. Naandika nikiwakusudia wasaidizi wa kisheria wenzangu, watendaji wa vijiji, walimu wa uraia, na yeyote atakayekuja kuulizwa hivyo hivyo huku mvua inanyesha.

Naishi Pangani mjini, upande wa kaskazini wa mto. Mwaka 2015 nilikuwa miongoni mwa watu waliopita vijijini kutoa elimu ya mpiga kura. Kura zilikuwa tarehe 25 Oktoba. Mwaka ule Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatahadharisha mapema kwamba kuna El Niño na kwamba mvua za vuli zinaweza kuzidi kawaida. Neno El Niño kwetu halihitaji mkalimani. Kila mwenye umri wa kukumbuka 1997 na 1998 anajua mvua ile ilifanya nini kwa barabara, mashamba na nyumba za udongo. Waliposikia redioni kwamba imerudi, watu wakaanza kuulizana kuhusu mbegu, kuhusu paa, na kuhusu kura.

Kazi yetu kwenye karatasi ilikuwa nyepesi. Tulikuwa na vipeperushi vya kuonyesha namna ya kuweka alama ya vema, namna ya kukunja karatasi ya kura, na nini hutakiwi kwenda nacho kituoni. Habari ya mvua haikuandikwa popote. Na kila tulipovuka na kivuko kwenda Bweni na vijiji vya kusini, lilikuwa swali la kwanza. Mama mmoja aliliuliza vizuri kuliko wote. Alisema: "Mwanangu, vituo vya huku vipo, hilo najua. Lakini masanduku yatoka huko kwenu ng'ambo. Mto ukifura na kivuko kikasimama, hizo kura zetu zitaletwa na nani?"

Swali hilo lilikuwa na hofu za aina mbili ndani yake, na ilinichukua muda kuzitofautisha. Wapo waliotaka uchaguzi usogezwe, kwa sababu waliona hawatafika, au watafika wamelowa na kuacha nyumba ikiingia maji. Na wapo waliokuwa na wasiwasi kwamba mvua itatumiwa kama kisingizio, kwamba mtu asiyetaka kupigiwa kura ataishika El Niño na kujifunika nayo. Waliokuwa na hofu ya kwanza waliongea kwa sauti. Wa pili walisubiri mkutano uishe, wakaja kuniuliza pembeni, chini ya mwembe, wakiangalia kushoto na kulia.

Mwenzetu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, alizoea kuwajibu hivi: maafa yakitokea, Rais atatangaza hali ya hatari, na uchaguzi utangoja mpaka mambo yatulie. Watu walikuwa wakiitikia kwa kichwa. Mimi jibu lile lilinikaa vibaya moyoni, kwa sababu lilikuwa linawatuliza wale wa hofu ya kwanza kwa kuwathibitishia wa pili kwamba wana haki ya kuogopa. Nilikuwa na nakala ya Katiba ya mwaka 1977, nikaisoma nikitafuta hilo moja tu.

Nilichokuta ni hiki, na ningependa kila anayesimama mbele ya wananchi akijue kabla hajafungua mdomo. Ibara ya 32 inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya hatari, na miongoni mwa sababu zilizotajwa yamo majanga ya kimazingira yanayotishia jamii au sehemu yake. Hadi hapo mwenzetu alikuwa sawa. Tangazo lenyewe lina masharti: linapelekwa bungeni, na ili Bunge liliunge mkono zinatakiwa kura zisizopungua theluthi mbili ya wabunge wote. Lakini kutangaza hali ya hatari hakuongezi muda wa mtu madarakani. Muda wa Rais umewekwa na Ibara ya 42, miaka mitano, na ibara hiyo hiyo, kwenye ibara ndogo ya 4, imeacha mlango mmoja tu wa kuuongeza. Nchi ikiwa inapigana vita dhidi ya adui, na Rais akaona haiwezekani kufanya uchaguzi, Bunge linaweza kupitisha azimio la kuongeza muda huo, na kila azimio lisizidi miezi sita. Kilichotajwa pale ni vita. Mafuriko hayamo, tetemeko halimo, kimbunga hakimo.

Niliisoma tena na tena usiku ule. Waandishi wa Katiba waliyajua maafa, maana wameyataja kurasa chache nyuma. Walipofika kwenye muda wa madaraka wakayaacha nje. Sijui mtu mwingine anaisomaje, ila mimi naisoma kama uamuzi, na naukubali uamuzi huo kwa moyo wote. Maafa huwa hayana siku ya kuisha inayojulikana. Mafuriko yanaleta kipindupindu, kipindupindu kinaleta njaa, na mtu akitaka hali "itulie kabisa" anaweza kungoja miaka.

Kesho yake barazani nikamkuta mzee mmoja, fundi wa zamani wa majahazi. Nikamwamkia, akaniitikia, nikamweleza kilichonikosesha usingizi. Akacheka, akasema yeye mwenyewe amewahi kupiga kura mara mbili kwa uchaguzi mmoja. Mwaka 1995 alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Tarehe 29 Oktoba vifaa vilichelewa, vituo vingine havikufunguliwa kwa wakati, fujo ikawa fujo, na kura za majimbo ya Dar es Salaam zikafutwa. Wakarudia tarehe 19 Novemba. Nchi nyingine ilikuwa imeshamaliza. Siku chache baadaye, tarehe 23 Novemba, Benjamin Mkapa akaapishwa. "Hakuna aliyesema Kigoma nao wangoje kwa sababu Dar es Salaam imeharibika," mzee alisema.

Kisha akanikumbusha na 2005. Kura zilipangwa tarehe 30 Oktoba, akafariki Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa CHADEMA, na kwa sababu sheria inataka chama kipewe nafasi ya kuweka mtu mwingine, uchaguzi wa Muungano ukasogezwa hadi tarehe 14 Desemba. Zanzibar walipiga kura zao zile zile za tarehe 30 Oktoba. Kwa hiyo nchi hii imeshawahi kusogeza tarehe, na haikuanguka. Ilisogeza kwa wiki kadhaa, kwa sababu iliyoandikwa kwenye sheria, tarehe mpya ikatajwa, na watu wakaenda.

Mzee akamalizia kwa mfano ambao nimeutumia tangu siku hiyo bila kumlipa chochote. Mpangaji ambaye mkataba wake umeisha siku ya mvua, mwenye nyumba anaweza kumwachia siku mbili tatu atoe vyombo vyake visilowe. Lakini mpangaji hajiongezei mwaka mwenyewe eti kwa sababu kunanyesha.

Nikaanza kujibu tofauti vijijini. Mtu akiuliza kama mvua inaweza kuahirisha uchaguzi, namrudishia maswali matatu: wapi, kwa muda gani, na nani anaamua. Kama mafuriko yako kata mbili, kwa nini asogezewe mtu wa Mtwara? Kama barabara itatengenezwa ndani ya wiki mbili, kwa nini iwe miezi sita? Na kama anayeamua ndiye atakayebaki kwenye kiti kwa uamuzi huo, ni nani mwingine anayeweza kumwambia hapana? Watu wakipewa maswali hayo huwa wanajadiliana wenyewe vizuri kuliko nilivyotegemea. Wale wa chini ya mwembe nao wakaanza kuongea mkutanoni.

Siku ya kura ya 2015 ikapita salama huku kwetu. Kivuko kilivuka. Nikadhani nimeshalimaliza somo.

Oktoba 2019 ndipo mvua ziliponifundisha upande mwingine. Zilipiga vibaya Handeni na Korogwe, barabara na madaraja yakaharibika, watu wakapoteza maisha. Mjomba wangu analima huko Handeni. Simu yake haikupatikana kwa muda, na mama yangu alikuwa halali. Njia ya Korogwe kwenda Handeni ilikuwa imekatika, nikazungukia Segera na Mkata. Basi lilikuwa rahisi. Bodaboda wa kutoka barabarani kuingia kijijini alinitoza karibu mara tatu ya nauli ya kawaida, na baada ya kuona alivyoibeba pikipiki begani kuvuka sehemu moja, nilimwongeza.

Maji yalikuwa yameingia usiku. Mjomba aliwatoa watoto, akawatoa mbuzi, akarudi kwa gunia la mahindi. Sanduku la bati lenye nyaraka lilibaki. Nilipofika walikuwa wamelipata, na yaliyokuwemo yameanikwa juu ya bati lililong'oka, kila karatasi na kijiwe chake juu isipeperuke. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vimegandana kama chapati. Kadi yake ya mpiga kura ilikuwa imefunguka pembeni, matope yameingia kati ya karatasi na plastiki. Namba ilisomeka tarakimu chache za mwanzo. Kwenye picha ilibaki kola ya shati na sikio moja.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa umepangwa tarehe 24 Novemba. Watu walikuwa wamejiandikisha mwanzoni mwa Oktoba, kila mmoja kwenye kitongoji chake, kabla ya maji. Na uchaguzi ule unapiga kura pale jina lako lilipo. Mjomba na familia walikuwa wamehamia kwa ndugu, kijiji kingine, na kati ya hapo na kitongoji chake lilikuwapo korongo lililogeuka mto. Akaniangalia akaniuliza: "Mpwa wangu, hiyo kura ya mwezi ujao nayo ya nini? Si waiache kwanza watu tupumue?"

Nilikuwa na majibu yangu yote ya Pangani. Ibara ya 42, wapi, muda gani, nani. Sikutoa hata moja. Kumwambia mtu aliyelala chini ya turubai na wajukuu kwamba haki yake ya kura ipo, ila iko ng'ambo ya korongo, ni kumdhihaki. Nililia njiani wakati wa kurudi, na sehemu ya kilio ilikuwa hasira: tarehe inayolindwa kwa gharama ya kuwaacha watu nje haijalinda kitu. Ukisema uchaguzi usiahirishwe, umejitwika deni la kuhakikisha aliyefikwa na maafa anapiga kura. Ukilikwepa deni hilo, umemnyang'anya sauti mtu ambaye mwaka huo ndiye mwenye mengi zaidi ya kuwaambia viongozi.

Kuna jambo jingine nililiona pale ambalo sikuwahi kulifikiria nikiwa na vipeperushi vyangu. Waliokosa makazi walikuwa wamehifadhiwa kwenye madarasa. Madarasa hayo hayo ndiyo vituo vya kupigia kura miaka yote. Mtendaji anayehesabu mablanketi ndiye anayebandika orodha ya wapiga kura. Mkurugenzi wa halmashauri, ambaye wananchi wanamtafuta kwa ajili ya daraja, kwenye uchaguzi mkuu ndiye aliyekuwa akipewa kazi ya msimamizi wa uchaguzi. Watu wanaposema "haiwezekani kupiga kura", mara nyingi maana yake ni hiyo: vyumba ni vile vile na watu ni wale wale, na tayari vimeshatumika kwa jambo la dharura zaidi. Hilo linatatuliwa kwa kupanga mapema vyumba vingine na watu wengine. Likiachwa mpaka maji yaingie, kweli halitatuliki.

Novemba ile swali letu halikujaribiwa. Kijijini kwa mjomba, kama sehemu nyingi za nchi mwaka ule, wagombea walipita bila kupingwa na hapakuwa na kura ya kupiga. Nalitaja kwa sababu ni kweli, na kwa sababu lilinipa muda wa kushughulika na kadi kabla ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2020.

Hapo nieleze kwa urefu kidogo, maana ndipo wengi wanapopotelea. Kadi iliyopotea au kuharibika inatolewa upya wakati wa uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na hailipiwi. Anayekudai hela ya "fomu" anakuibia. Lakini bure ya serikali ina gharama zake: nauli, siku nzima ya shamba, chakula cha mstari. Mjomba aliniambia tungoje siku ya mwisho watu wapungue. Nilimkatalia, maana siku ya mwisho ndiyo kila mtu anayoisubiri. Tulienda mapema asubuhi. Vidole vyake vimeliwa na jembe kwa miaka mingi, mashine ikavikataa mara kadhaa, hadi mwandikishaji akamwambia aoshe mikono kwa sabuni, aifute ikauke, ajaribu tena kidole gumba. Ikakubali, kumbukumbu zake za 2015 zikatokea na picha yake, kijana kidogo. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu mafuriko.

Kama umehama kwa sababu ya maafa na unajua hutarudi kabla ya siku ya kura, hapo ndipo pa kusema, ukahamishiwa kituo kipya. Wengi hawasemi. Wanachukua kadi mpya yenye kituo kile kile cha nyumba iliyokwenda na maji. Mjomba alikuwa amepanga kurudi kujenga, hivyo alibaki na kituo chake. Jirani yake aliyehamia moja kwa moja Korogwe tulimshauri abadilishe. Halafu piga picha ya kadi, mpelekee mtoto au ndugu aliye mbali aitunze kwenye simu yake pia. Mwaka 2020 Tume ya Taifa ya Uchaguzi iliruhusu aliyemo kwenye Daftari lakini hana kadi kutumia kitambulisho cha taifa, pasipoti au leseni ya udereva, ila jina na namba yako ukizijua, kazi ya kukutafuta inakuwa ya dakika chache. Badala ya sanduku la bati, nyaraka zikae kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, mahali ambapo mkono unafika gizani.

Nilipoanza kufundisha wenzangu, nikatafuta nchi nyingine zilifanya nini. Mfano unaonigusa zaidi ni wa jirani zetu. Kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, mwaka wa uchaguzi wao mkuu. Walichosogeza ni uandikishaji wa wapiga kura, uliokuwa uanze mwanzoni mwa Aprili, ukaanza katikati ya mwezi huo. Kura zenyewe zilipigwa Oktoba 15 kama ilivyopangwa. Uchaguzi ule ulikuwa na malalamiko yake mengine, lakini kwenye hili walisogeza kilichozuiwa na maji wakaacha kisichozuiwa. Malawi, iliyopigwa na Idai hiyo hiyo, ilipiga kura Mei 21.

Uturuki tetemeko la tarehe 6 Februari 2023 liliua zaidi ya watu 50,000. Yakatokea maneno ya kuahirisha uchaguzi. Katiba yao, kama yetu, inataja vita tu kuwa sababu ya kuahirisha. Wakapiga kura Mei 14, na walionusurika wakapanda mabasi kurudi kwenye miji iliyokuwa kifusi ili wapige kura kwenye makontena na mahema. Nikiwasimulia watu wa Bweni habari hiyo huwa wananyamaza, kisha mtu anauliza nani alilipia mabasi. Vyama na watu wa kujitolea walilipia mengi. Hilo nalo ni swali la kujibiwa mapema, maana mabasi ya chama yana bei yake.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba kuahirisha siku zote ni hila. Haiti ilikuwa na uchaguzi wa wabunge tarehe 28 Februari 2010. Tetemeko la Januari 12 likaangusha mji mkuu, na ofisi za serikali zikaanguka na watu ndani. Hakuna binadamu mwenye moyo angewaambia wapange mstari wiki saba baadaye. Walipiga kura Novemba 28. Maldivi nao, tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 iliwakuta wakiwa na uchaguzi wa bunge siku tano mbele, wakausogeza hadi Januari 22. Mji wa New Orleans, uliozama kwa kimbunga Katrina mwaka 2005, ulisogeza uchaguzi wa meya kutoka Februari hadi Aprili 2006. Ukiziangalia hizi, ilitajwa tarehe mpya na watu wakaiona ikifika. Lakini hata Haiti, walipokuwa wakingoja, muda wa wabunge uliisha na nchi ikabaki bila bunge kamili wakati mabilioni ya msaada yakijadiliwa. Gharama ipo hata pale uamuzi ulipokuwa sahihi.

Na Ethiopia ndiyo inayonitia hofu. Waliahirisha uchaguzi wa Agosti 2020 kwa ajili ya korona bila tarehe mpya kueleweka mapema. Tigray wakafanya wao Septemba, kila upande ukamwita mwenzake si halali, na Novemba vita ikaanza. Vita ile ilikuwa na mizizi mingi, siwezi kuitundika yote kwenye korona. Ila tarehe iliyoachwa hewani iliwapa wagomvi kitu cha kugombania.

Jirani zetu wa Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, wametuzidi kwenye jambo moja. Sheria yao ya uchaguzi, kifungu cha 55B, inairuhusu tume kuahirisha kura kwenye jimbo, kaunti au wadi pale janga la asili linapofanya uchaguzi usiwezekane. Mwaka 2022 tuliona wenyewe jinsi eneo moja linavyoweza kusogezwa: ndugu zetu wa Mombasa walichelewa kumchagua gavana hadi Agosti 29 kwa sababu ya karatasi za kura zilizokosewa, huku sehemu kubwa ya Kenya ikiwa imemaliza kura zake Agosti 9. Hakuna aliyesema rais aongezewe mwaka. Nimekuwa nikisema kwenye kila kikao ninachoalikwa kwamba nasi tuandike wazi: maafa yanasogeza kura pale yalipo, kwa siku zinazotajwa, kwa uamuzi wa Tume unaoweza kupelekwa mahakamani, na kipindi cha Rais na Bunge hakiguswi. Mlango wa Ibara ya 42 ubaki ulivyo. Wapo wenzangu wanaotaka neno "maafa" liongezwe pale karibu na "vita". Nawaelewa, wengi wao ni watu wema waliokwisha kuzika ndugu kwenye mafuriko. Napingana nao kabisa.

Watu huniuliza kama nazidisha woga. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja mpaka Mafia, na tahadhari ikafika Tanga yote, boti za kwenda Zanzibar zikasimama. Bagamoyo inajua tangu 1872, pale kimbunga kilichoivunja Zanzibar kilipovunja na majengo ya misheni. Hidaya ilikuja Mei. Hakuna aliyeahidi kwamba kinachofuata hakitakuja Oktoba.

Kwa hiyo mwenye nafasi kijijini aanze na haya. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kwenye mkutano wa kijiji, muulize mwenyekiti kama kamati hiyo ipo na ina nani. Waombe wataje kituo cha pili cha kura kilicho mwinuko, na jengo jingine la kuhifadhi watu ili madarasa yabaki huru. Kama kijiji chenu kiko ng'ambo ya mto kama Bweni, ombeni masanduku yavuke siku mbili tatu kabla, na mawakala wa vyama vyote walale nayo. Daraja la mto Pangani likikamilika hilo litapungua kwetu, ila vipo vijiji vingi ambavyo havina daraja kwenye mpango wowote. Yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, mwenyekiti na mtendaji wasaini. Muhtasari na barua vipelekwe kwa msimamizi wa uchaguzi kabla Septemba haijaisha, nakala kwa mtendaji wa kata, na yako ubaki nayo ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa.